UZI: Kanisa la kale la Wales lililobomolewa jiwe kwa jiwe, na picha zilizokutwa chini ya chokaa

Mpenda Kuta (mwenye uzi)

Wakuu heshima kwenu. Humu jukwaani tumeshapiga sana stori za Kilwa, Lalibela, Zimbabwe Kuu na piramidi, ila makanisa madogo ya vijijini kule Wales sijaona mtu ameyagusa, na mimi kwa kipindi nilichokaa upande huu wa Uingereza ndiyo majengo yaliyonishika kuliko yale mangome ambayo watalii wote wanayakimbilia. Ngome kubwa kama Caernarfon na Conwy zilijengwa na mfalme Edward wa Kwanza wa England kwa hela nzito ili awakalie Wawelshi shingoni. Makanisa ya parokia ni kitu kingine, yamejengwa na watu wa pale pale pamoja na vijibwana vyao vya eneo, mawe ya shambani, chokaa ya jirani, mwaloni wa msituni, kizazi hiki kinaongeza chumba, kizazi kinachofuata kinatoboa dirisha, ukiusoma ukuta vizuri unaona watu wa miaka 400 wamepishana hapo.

Naleta moja kwa kirefu halafu wenye mengine mtaongezea. Linaitwa Kanisa la Mt. Teilo, parokia ya Llandeilo Tal-y-bont. Kwa asili lilikuwa ukingoni mwa mto Llwchwr, Waingereza wanaandika Loughor, karibu na mji wa Pontarddulais kusini magharibi mwa Wales. Pale mto umeshakaribia bahari kwahiyo maji yanajaa na kupwa, na siku za bamvua majani yote ya bondeni yanamezwa na maji, kanisa linabaki limezungukwa. Wenyeji wakawa wanaliita tu kanisa la zamani la kinamasini.

Teilo mwenyewe ni mtakatifu wa karne ya 6, mmoja wa wale wamonaki walioeneza Ukristo Wales Warumi walipokuwa wameshaondoka Britania. Kisa chake maarufu ni cha mazishi. Alipofariki makanisa matatu yaligombania mwili, Llandeilo Fawr, Penally na Llandaff, kila mmoja anasema huyu ni wetu, wakakesha wakiomba na kulipokucha wakakuta miili mitatu inayofanana kabisa, kila mtu akabeba wake. Ukijua jinsi masalia ya watakatifu yalivyokuwa yanavuta mahujaji na sadaka zama zile utaelewa kwanini kisa kile kilihitajika sana, kilimaliza kesi bila mtu kunyang'anywa.

Jengo lenyewe halifiki karne ya 6. Kuta kongwe ni za kama karne ya 12 au 13, sehemu wanaposimama waumini na sehemu ya altare upande wa mashariki, mpango rahisi wa vyumba viwili vilivyounganishwa na tao. Baadaye wakaongeza vyumba vya pembeni, halafu karne ya 15 wakaongeza ubavu mzima upande wa kusini na kibaraza cha kuingilia, kwahiyo ukiingia leo unakuta kama makanisa mawili yamelala ubavu kwa ubavu na matao katikati. Hakuna mnara. Makanisa mengi ya Wales hayana mnara, kengele inaning'inizwa kwenye kijumba kidogo cha mawe juu ya ukuta wa magharibi basi. Mawe hayakuchongwa yakanyooka, ni mawe ya kuokota yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, yakapigwa lipu na kupakwa chokaa nyeupe ndani na nje. Hilo la chokaa lishikeni maana ndiyo roho ya uzi huu.

Karne ya 19 Pontarddulais ikakua haraka, reli ikaja, viwanda vya mabati ya chuma yaliyopakwa bati vikaja, watu wakahamia juu huko na katikati ya karne hiyo wakajengewa kanisa jipya karibu na nyumba zao. Lile la kinamasini likabaki la ibada za mara moja moja mpaka miaka ya 1970 likaachwa kabisa. Wezi wakapanda wakachukua vigae vya mawe vya paa. Mnajua jengo likishatobolewa paa habari yake inakuwa imeisha, mvua ya Wales siyo ya mchezo, lipu ikaanza kuloa na kubanduka.

Na humo kwenye kubanduka ndiyo zikatokea rangi.

Naendelea chini.

Kasuku wa Mjini

Mkuu shusha, tumekaa mkao wa kula. Ila kabla hujaendelea, picha zilifikaje chini ya chokaa? Nani alizipaka?

Mpenda Kuta

Kasuku swali zuri, ndiyo nilikuwa naelekea huko.

Kabla ya miaka ya 1540 kanisa la parokia Wales lilikuwa limejaa rangi. Watu wengi hawasomi, misa ni Kilatini, padre anaongea akiwa nyuma ya ukuta wa mbao wenye matundu unaotenganisha altare na waumini, kwahiyo ukuta ndiyo unakufundisha. Unaingia mlango wa kusini, mkabala wako ukutani anakutazama Mt. Kristofa mkubwa kupita kiasi amembeba mtoto Yesu begani anavuka mto, maana waliamini ukimwona Kristofa asubuhi basi siku hiyo hutakufa kifo cha ghafla bila kutubu. Fikiria parokia ambayo watu wake wanavuka mto wa maji kujaa na kupwa kila siku, picha ile haikuwa pambo.

Halafu akaja mfalme Henry wa Nane kugombana na Papa, 1536 mpaka 1540 monasteri zikafungwa, 1538 sanamu ya Bikira Maria ya Penrhys iliyokuwa inavuta mahujaji kutoka Wales yote ikang'olewa ikapelekwa London kuchomwa. Mwanawe Edward wa Sita akiwa bado mtoto washauri wake ndiyo wakamalizia kazi, kuanzia 1547 amri zikatoka picha na sanamu zifutwe kila parokia, 1550 altare za mawe zivunjwe ziwekwe meza za mbao. Kijijini watu wakatii kwa njia rahisi kuliko zote, wakachanganya chokaa wakapaka juu ya picha. Juu ya weupe ule baadaye makanisa mengi yakaandika Amri Kumi na mistari ya Biblia na kuchora nembo ya mfalme. Kila baada ya miaka kadhaa chokaa inapakwa tena, na tena.

Sasa angalieni kilichotokea. Aliyepaka chokaa alitaka picha zisionekane kabisa, na kweli hazikuonekana kwa zaidi ya miaka 400, ila chokaa ile ile ndiyo ilizizuia zisichunwe, zisififie kwa jua, zisipakwe rangi ya mafuta na mtu wa karne ya 19. Makanisa ambayo hayakupakwa au yaliyokwanguliwa picha zake zimeisha. Mimi hili jambo haliniishi hamu, adui wa zile picha ndiye aliyezitunza.

Chokaa ya Lamu

Hapa umenigusa fani yangu, mimi ni fundi mwashi na ujenzi wa zamani wa huku pwani ndiyo kazi yangu. Chokaa kwa kawaida ni jiwe lililochomwa tanuruni, huku kwetu matumbawe, kwao nadhani ni mawe ya chokaa ya mlimani, linazimwa kwa maji linakuwa ute mweupe, ukipaka ukutani linavuta hewa linarudi kuwa jiwe polepole. Kwahiyo tabaka la chokaa juu ya picha ni ganda jembamba la jiwe. Na linapumua, unyevu wa ukutani unatoka nje bila kukwama. Ungepaka sementi juu ya zile picha zingekuwa zimeshaoza zamani sana, maana sementi inafungia maji ndani na chumvi inalipua lipu. Tunaiona kila siku kwenye nyumba za mawe ambazo wenyewe wamezipiga sementi.

Swali langu: rangi zao walichanganya kwenye lipu mbichi au walipaka ikiwa imeshakauka?

Mpenda Kuta

Chokaa ya Lamu shikamoo mwalimu, maelezo yako yamekaa vizuri kuliko yangu. Na ndiyo, kule ni mawe ya chokaa ya mlimani na matanuru ya zamani bado yapo mengi tu Wales ya kusini.

Rangi walipaka juu ya chokaa iliyokauka au iliyokaribia kukauka, ile njia ya Waitalia ya lipu mbichi kabisa Uingereza haikuwa desturi. Ndiyo maana zinabanduka kirahisi na kuzifunua ni kazi ya kutia hofu, ukikwangua chokaa ya juu kwa haraka rangi inakuja nayo. Rangi zenyewe ni chache, udongo mwekundu, udongo wa njano, nyeusi ya makaa au masizi, nyeupe ya chokaa. Nyekundu kali ya gharama unaikuta pale tu kulipokuwa na mfadhili.

Kwenye Mt. Teilo jengo lilikuwa haliponi tena pale kinamasini, ikaamuliwa lihamishwe kwenda makumbusho ya St Fagans karibu na Cardiff. St Fagans ni eneo la wazi lililofunguliwa 1948, wanahamishia nyumba za zamani kutoka kila kona ya Wales, nyumba za wakulima, shule, duka, zipo zaidi ya 40. Kwa mstari ulionyooka toka kinamasini ni kama kilomita 60. Mwaka 1984 na 1985 kanisa likabomolewa jiwe kwa jiwe. Kila ukuta unapigwa picha na kuchorwa, mawe ya pembeni, ya matao, ya madirisha yanatiwa namba, na kabla ya yote hayo picha za ukutani zinafunuliwa na kutolewa. Kutoa picha ya ukutani kwa kawaida wanabandika kitambaa chepesi mbele kwa gundi inayoyeyuka, halafu wanakata lipu kwa nyuma, picha inatoka kama ngozi nene. Zilipatikana nyingi kuliko walivyotarajia, na siyo za wakati mmoja, nyingine za mwanzo wa karne ya 15 na nyingine za mwanzo wa karne ya 16, yaani hata Wakatoliki wenyewe walikuwa wanapaka chokaa juu ya picha ya babu zao ili wachore mpya.

Yupo Mt. Katarina. Yupo Kristofa. Upo mfululizo wa mateso ya Bwana. Moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo naisikia mwilini ni ile Yesu anadhihakiwa, wapo watu pembeni yake nyuso zimekunjwa midomo imechongoka wanamtemea mate, na mchoraji hakuacha mtazamaji akisie, mate yenyewe kayachora yanaruka hewani kwa mistari. Mchoraji wa kijijini ambaye jina lake hatulijui. Siyo fundi wa ikulu, mikono na vidole havijakaa sawa, lakini zile sura za chuki alizijua.

Binti Pangani

Asante kwa uzi mkuu, nimeenda kutafuta picha mtandaoni na nimeona ndani pameng'aa kama pamepakwa jana. Nyekundu, kijani, dhahabu. Kwahiyo hizo ni za zamani au mpya? Maana kama ni mpya mimi naona wametudanganya.

Mpenda Kuta

Binti Pangani, ni mpya na hawafichi. Picha za asili zilikuwa dhaifu mno kurudishwa ukutani, baadhi zimehifadhiwa na kuoneshwa makumbusho. Ukutani wamechora upya kwa kufuata mabaki, kwa rangi za aina ile ile ya zamani, na pale pasipo na mabaki wakaenda kuangalia makanisa mengine ya zama hizo. Uamuzi waliofanya ni mkubwa na ndiyo umeleta ubishi, walisema tulirudishe lilivyokuwa kama mwaka 1530, muda mfupi kabla amri hazijaanza. Kazi ikachukua zaidi ya miaka 20, likafunguliwa 2007 na Rowan Williams aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye kwa kuzaliwa ni Mwelshi wa Swansea, siyo mbali na pale kinamasini.

Kwahiyo ndani kuna ukuta wa mbao mpya uliochongwa kwa mkono, roshani juu yake, juu ya roshani msalaba mkubwa na Maria na Yohane pembeni, altare, sanamu, kila kitu kina rangi. Hakuna mabenchi yamejaa katikati kama tulivyozoea sisi, zama zile watu walisimama au walipiga magoti sakafuni, wazee na wagonjwa wanaegemea au kukaa kwenye baraza la jiwe ukutani.

Mtu wa Maktaba

Niko na Binti Pangani kwa kiasi fulani. Kanisa lile liliendelea kutumika kutoka 1530 mpaka miaka ya 1970, hiyo ni kama miaka 440, na sehemu kubwa yake ni ya watu waliobatizwa na kuzikwa pale wakiwa Waprotestanti, walikaa kwenye viti vyao, walisikiliza mahubiri kwa Kiwelshi, na kwenye jengo la sasa huwaoni kabisa. Umewafuta ili uwarudishe waliotangulia. William Morris, yule msanii na mwandishi wa Kiingereza, alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 kwa sababu hiyo hiyo, alichoshwa na wasanifu wa zama za malkia Victoria, karne ya 19, waliokuwa wanachagua karne wanayoipenda halafu wanakwangua zilizobaki. Msimamo wake ulikuwa tengeneza kinachovuja, zuia kinachoanguka, basi, usirudishe nyuma.

Mpenda Kuta

Mtu wa Maktaba hoja yako ina uzito na ningekuwa naongelea kanisa ambalo bado limesimama mahali pake ningekuunga mkono moja kwa moja. Waliofanya wale wa Victoria Wales ni maumivu. Walichukua makanisa ya karne ya 13 wakachuna lipu yote ndani wakaacha mawe wazi eti ndiyo uhalisia, na kwenye zile lipu zilizotupwa nje kwa toroli nani anajua kulikuwa na picha gani. Mpaka leo mtu akifikiria kanisa la kale la Uingereza anaona mawe ya kijivu yaliyo uchi, na hiyo sura ni ya miaka ya 1860 na kuendelea. Wajenzi wenyewe wangeona aibu kuacha ukuta wao bila lipu.

Lakini Mt. Teilo lilikuwa linakufa. Paa limeondoka, mahali penyewe panafurika. Ukishalifungua jiwe kwa jiwe umeshavunja ule mnyororo, hata ungerudisha viti vya karne ya 18 vingekuwa navyo ni uigaji. Na makanisa yanayoonesha Uprotestanti wa Wales tunayo mengi, yamesimama, unaweza kuingia kesho. Ambalo hatukuwa nalo hata moja ni kanisa ambalo mtu anaingia na kuona mkulima wa 1530 aliona nini. Mimi nilivyoingia mle ndipo nikaelewa kwanini kufuta picha kulikuwa ni msiba kwa watu, kabla ya hapo nilikuwa nasoma tu tarehe.

Halafu limeleta elimu ambayo haikuwepo. Chuo Kikuu cha Bangor walilitumia kufanya ibada nzima za mwisho wa zama za kati, kwa utaratibu wa kanisa kuu la Salisbury, England, uliokuwa unatumika sehemu kubwa ya England na Wales, wakajengewa na kinanda kidogo cha mtindo wa zama hizo. Walipojaribu ndiyo mambo ya kawaida kabisa yakaonekana, padre anasimama wapi asikike, watu wanaona nini kupitia matundu ya mbao, maandamano yanapitaje kwenye mlango mwembamba. Mambo hayo kitabuni huyapati.

Mtu wa Maktaba

Hapo kwenye kusikika nimekuelewa. Bado ningependa wangeacha hata kona moja ya chokaa na maandishi ya baadaye mtu aone tabaka lilivyokuwa. Ila sibishi kwamba lilistahili kuokolewa.

Nahodha Mstaafu

Wakuu naomba kuongezea kanisa langu, nimewahi kukaa Abergavenny, mji wa kusini mashariki mwa Wales. Kule kwenye milima ya Black Mountains kuna kanisa linaitwa Partrishow, limejificha ubavuni mwa mlima, barabara ya kwenda huko magari mawili hayapishani. Ni dogo sana na nadhani ndilo zuri kuliko yote Wales.

Lilianza kama kaburi la mtu mtakatifu anaitwa Issui aliyeuawa pale na msafiri aliyemkaribisha mwenyewe, kando ya kisima chake. Wanasema hujaji mwenye ukoma aliponea pale kwenye kisima akaacha dhahabu ndiyo kanisa likajengwa. Kisima bado kipo bondeni chini ya kanisa. Ndani kuna birika la ubatizo la jiwe lina maandishi ya Kilatini kwamba Menhir alinitengeneza zama za Genillin, huyo Genillin alikuwa mtawala wa eneo lile karne ya 11, kwahiyo hilo birika limebatiza watoto kama miaka 950.

Ila mshangao ni ule ukuta wa mbao. Mpenda Kuta kasema la Teilo limechongwa upya, la Partrishow ni lile lile la kama mwaka 1500 na roshani yake juu, mwaloni mtupu bila rangi, umekatwa matundu membamba kiasi kwamba ukisogea karibu unajiuliza mbao haikupasukaje. Kwenye boriti kubwa ya mbele kuna joka dogo limechongwa mdomo wazi, mzabibu unatoka mdomoni kwake unakwenda ukijisokota boriti nzima na vichane vya zabibu na majani. Na mbele ya ukuta ule zipo altare mbili za mawe, zile ambazo 1550 zilitakiwa zivunjwe nchi nzima. Hawakuzivunja. Zipo mpaka leo.

Kasuku wa Mjini

Daah. Waliponaje hao? Mfalme hakuwa na watu wa kukagua?

Nahodha Mstaafu

Walikuwepo ila kule ni mbali, milima, mvua, njia mbaya, na parokia ya watu wachache isiyo na kitu cha kutaifisha. Nadhani mkaguzi alikuwa anaripoti kutoka bondeni. Halafu kuhusu mbao, amri ya Elizabeth wa Kwanza mwaka 1561 ilisema roshani na msalaba wa juu vishushwe lakini ukuta wa chini ubaki kutenganisha altare. Msalaba wa Partrishow umeondoka, roshani wakaiacha. Wawelshi wa milimani walikuwa wagumu.

Kitu kingine, ukutani upande wa magharibi kuna mifupa ya mtu mzima imechorwa kwa wekundu, imeshika mundu mrefu, jembe la kuchimbia kaburi na kioo cha mchanga wa kupimia muda. Wenyeji walikuwa wanasema imechorwa kwa damu na kila ikipakwa chokaa inarudi. Ukweli ni udongo mwekundu unaopenya chokaa nyembamba, lakini ukisimama mle jioni huna hamu ya kubisha na wenyeji.

Mpenda Kuta

Nahodha umeleta madini. Nichomekee kwamba Partrishow lilikarabatiwa 1908 na 1909 na msanifu W. D. Caröe na yeye alifanya kama Morris alivyotaka, aliimarisha akaacha. Mtu wa Maktaba hapo ndipo mfano wako unakaa.

Na mimi niongeze Llancarfan maana stori ya chokaa haijaisha. Hiki ni kijiji magharibi ya Cardiff, karibu na uwanja wa ndege. Kanisa la Mt. Cadoc, karne ya 6 kulikuwa na monasteri yake pale iliyojulikana Wales yote. Walipokuwa wanakarabati, mwaka 2008 wakaona mstari mwekundu mwembamba kwenye ukuta wa kusini. Mstari tu. Wataalamu wakaanza kuondoa chokaa kwa visu vidogo kama vya daktari wa upasuaji, tabaka baada ya tabaka, yapo kama 20, na ule mstari ukageuka kuwa fremu ya picha kubwa ya Mt. George juu ya farasi anamchoma joka, binti mfalme pembeni na mwanakondoo wake, na baba na mama wa binti wanachungulia kutoka juu ya ngome. Kazi ikaendelea kwa miaka. Zikatoka dhambi saba kuu, mchoyo na hela zake na mashetani wamemzunguka, wazinzi wamekumbatiana shetani anawasogeza.

Halafu pembeni ya dirisha akatoka kijana wa kitajiri, kofia ina unyoya, nguo za kisasa za miaka ya 1400 mwishoni, upanga kiunoni, na mkono wake umeshikwa na maiti. Maiti bado ana sanda, ameshaoza, anamvuta kijana kumpeleka makaburini. Na dirisha lile ukiangalia nje unaona makaburi yenyewe. Mchoraji alipachagua pale makusudi.

Hapo hapo Llancarfan watu walisali Jumapili zaidi ya miaka 450 wakiwa wameegemea ule ukuta na hakuna aliyejua.

Binti Pangani

Nimesisimka kweli. Swali la mwisho kutoka kwangu, hawa watu walivyofutiwa picha walipewa nini badala yake? Maana umesema hawakujua kusoma.

Mpenda Kuta

Walipewa kitabu, na mwanzoni kitabu cha lugha isiyo yao. 1549 Kitabu cha Sala cha Kiingereza kikaamriwa kila parokia, Wales nayo, wakati wengi wa waumini vijijini walikuwa hawajui Kiingereza. Kilatini hawakukijua ila walishakizoea kwa sikio na walikuwa na picha za kufuatilia. Sasa picha hakuna na maneno ni ya kigeni. Kizazi kizima kilipita hivyo. 1563 Bunge likaamuru tafsiri ifanyike, 1567 likatoka Agano Jipya na Kitabu cha Sala kwa Kiwelshi, kazi kubwa ikiwa ya William Salesbury, na 1588 William Morgan akamaliza Biblia nzima. Wataalamu wengi wanasema hiyo Biblia ndiyo iliyokiokoa Kiwelshi, maana kila Jumapili kila parokia ilisikia lugha yake ikisomwa kwa heshima. Partrishow ipo nakala ya toleo la 1620. Kwahiyo siwezi kusema Waprotestanti walileta hasara tupu, hapana, ukuta ulinyamaza lakini lugha ikapata mdomo.

Chokaa ya Lamu

Nina ombi mkuu, ukirudi St Fagans angalia kwa karibu chokaa ya nje wanaipaka kila baada ya muda gani na kama wanachanganya na kitu. Huku wazee walikuwa wanaweka vitu vya kuifanya ishike mvua na kila mzee alikuwa na siri yake. Mvua ya huko ni ya mwaka mzima, lazima wana ujanja.

Mpenda Kuta

Nitauliza mafundi wao, huwa wapo na wanapenda kuongea. Ninachojua kwa ujumla ni kwamba Uingereza ya zamani waliongeza mafuta ya wanyama kwenye chokaa ya nje ili isukume maji, na wanapaka tabaka nyembamba nyingi kuliko moja nene, kila moja ukuta ukiwa umeloweshwa kwanza.

Kwa walioniuliza pembeni kuhusu kwenda, St Fagans kuingia ni bure kama makumbusho mengine ya taifa ya Wales, unalipia maegesho tu. Kutoka Cardiff mjini kuna basi. Kanisa liko ndani kabisa ya eneo kwahiyo vaa viatu vya kutembea, na ukiingia usianzie altare, simama kwanza mlangoni umtafute Kristofa. Llancarfan unaweza kuunganisha siku hiyo hiyo ukiwa na gari. Partrishow nendeni siku nyingine, kiangazi, gari dogo, na bebeni tochi kwa ajili ya ile boriti ya joka maana taa za mle ni hafifu. Nahodha akipata nafasi atuwekee ramani ya njia kutoka Abergavenny.

Nahodha Mstaafu

Naichora kesho naiweka hapa. Njia panda ya mwisho watu wengi wanakosea, wanapanda kushoto.